Jibu Lililokwama Mlangoni

Siku waliponiaga, mkurugenzi wa kliniki alisimama na chupa ya soda mkononi akasema mimi nilikuwa hodari wa kutuliza familia. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Kwa miaka yote niliyofanya kazi pale sikumtuliza mtu hata mmoja, na kama ningejua kwamba ndivyo walivyoielewa kazi yangu ningeondoka mapema zaidi, maana kuondoka ni jambo ninaloliweza. Familia iliyotulizwa ni familia iliyofungwa mdomo. Kazi yangu ilikuwa kujibu.

Nasikia sasa ninyi mliobaki kliniki mnawapa ndugu wa wagonjwa karatasi yenye picha wakaisome nyumbani, na asiyejua kusoma amtafute mtoto wa jirani. Ndiyo sababu naandika. Naandika nikiwa na hasira, na sitaificha ili msome mkiwa mmestarehe.

Nimezaliwa karibu na Sandoa. Shule niliiacha darasa la tano, kwa sababu mwalimu alichoka na maswali yangu kabla mimi sijachoka naye. Nikauza mihogo ya kuchoma, nikaosha mawe ya shaba mtoni, nikawa msaidizi wa dereva wa lori kati ya Kasumbalesa na Fungurume, nikachimba Musonoi mpaka siku shimo la jirani lilipoanguka na watu ndani, nikaacha koleo palepale. Kila mahali nilikaa mpaka nielewe mambo yanavyokwenda, kisha nikachukua begi langu. Nilichotoka nacho huko ni lugha: Kilunda cha nyumbani, Kiluba cha wachimbaji, Kibemba cha madereva, na Kifaransa cha kusikilizia. Kliniki yenu hapa Kolwezi iliniajiri kusukuma vitanda vya wagonjwa. Nilidhani nitakaa mpaka mvua ziishe.

Siku ya kwanza nilipewa kitanda ambacho gurudumu lake moja lilivuta kushoto. Ukikiachia kinaingia chooni pamoja na mgonjwa. Muuguzi wa chumba cha upasuaji, Tata Mwepu, mzee aliyevaa viatu vya mpira vyeupe vilivyochanika vidole, aliniangalia nikihangaika nacho ukumbini, akanisimamisha. Juu ya kitanda alilala mwanamke wa Kilunda aliyekuwa akilia polepole.

"Wee, kijana. Unamupeleka wapi huyu mama?"

"Ku upasuaji, Tata."

"Na yeye anajua?"

Sikujua kama anajua. Nikainama nikamwuliza kwa lugha yetu. Hakujua. Alidhani anapelekwa kufa, kwa sababu chumba cha maiti kilikuwa upande uleule. Tata Mwepu akaniambia nisisukume mtu ambaye hajaambiwa aendako, na kuanzia siku hiyo akawa ananiita kila familia ilipokuwa na maswali. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ambayo haikuwa na jina.

Alinifundisha mambo machache, nami nawapa ninyi bure. Kwanza, tafuta mahali pa kukaa kwa kila mtu, hata kama ni ndoo iliyogeuzwa, maana anayesimama ana nia ya kugombana au ya kuondoka. Weka maji ya kunywa. Swali la kwanza usilikimbilie, mara nyingi ni la kukupima wewe. Mtazame ambaye hajasema kitu. Na usimjibu mtu jambo ambalo hakuuliza ili ukwepe lile aliloliuliza. Hili la mwisho madaktari wanalifanya vizuri sana. Sijui wanafundishwa mwaka wa ngapi.

Kisha ukaja upasuaji wa kupunguza unene. Daktari mpasuaji alikuwa akija kutoka Lubumbashi mara chache kwa mwaka, anakaa siku kadhaa, anarudi. Kwanza walikuja wake za wakubwa, halafu dereva mmoja ambaye tumbo lake lilikuwa limefika kwenye usukani, halafu wafanyabiashara. Familia zikaja nyuma yao, na maswali ambayo karatasi yenu haiyajui.

Kifaa changu kilikuwa tumbo la nguruwe. Nilinunua kwa mchinjaji, nikalisafisha kwa chumvi na ndimu, nikalijaza maji mpaka likavimba kama mpira. Halafu nililifunga kwa kamba kwa urefu, kikabaki kipande chembamba mfano wa ndizi, na maji ya upande wa pili nikayamwaga. "Hapa ndipo chakula chake kitakaa." Watu walishika wenyewe, wakabonyeza, wakauliza. Familia moja isiyogusa nguruwe kwa sababu ya dini ilinitoa nje na ndoo yangu, nikaeleza nikiwa dirishani kama mwizi aliyebadili mawazo.

Waliuliza: kile kipande mnachokata mnakipeleka wapi? Katika mji huu hilo si swali la kijinga. Kila mmoja wetu amesikia kwamba kuna mashimo hayatoi jiwe zuri mpaka yapewe kitu cha mwili wa mtu. Daktari mmoja kijana alicheka alipoulizwa. Familia ikamvalisha mgonjwa wao viatu ikaondoka naye, na mimi ningefanya vilevile. Tangu hapo nilikuwa nachukua watu wawili wa kila familia mpaka kwenye tanuru la kuchomea uchafu, wanaona moto, wanaona majivu, wanarudi kuwaambia wengine.

Waliuliza: akikonda, batu batasema iko na ule ugonjwa? Nilijibu: watasema. Mkae nyumbani mkubaliane mtawajibu nini. Mkurugenzi alinikemea kwa jibu hilo. Alitaka niseme hakuna atakayesema. Nilimwuliza yeye anaishi Kolwezi ipi.

Sasa nifike kwa Mama Numbi, kwa sababu yeye ndiye anayenifanya nisilale vizuri ninaposikia habari za karatasi yenu.

Mama Numbi alikuwa mjane, muuza tomsoni, wale samaki wa barafu, sokoni Fungurume. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, magoti yake yalikuwa yamegoma, na akilala pumzi ilikuwa inakatika, mpaka binti yake alikuwa analala pembeni yake ili amtikise. Daktari wa Lubumbashi alimwambia waziwazi kwamba asipopunguza mwili hataona binti huyo akiolewa. Siku hiyohiyo alikubali kukatwa. Lakini kliniki haikuingiza mtu kwenye chumba cha upasuaji kabla ndugu zake wawili hawajatoa damu, na damu iliyofaa ilipatikana kwa wawili tu: mdogo wake Banza, aliyeendesha mtambo mgodini, na dada yao mkubwa, Mama Kalenga, aliyewalea wote wawili baada ya wazazi kufa.

Wakaja. Nikawakalisha. Nikaonyesha tumbo langu. Daktari mwenyewe alikuwepo, akiangalia simu.

Banza alianza. "Munganga, mi naulizaka tu. Juu ya nini musimufunge kinywa na kamba? Si itakuwa rahisi?"

"Banza," Mama Numbi akasema, "kama ni kufunga kinywa, ya kwako ingefungwa tangu ukiwa mutoto. Tungepumuzika bote."

Wakacheka. Wakauliza kuhusu kidonda, kuhusu usingizi wa dawa, kama atabeba tena ndoo za samaki. Mama Kalenga alikaa mwisho wa benchi, mkoba magotini, hasemi. Nilikuwa namtazama yeye. Mwishowe akafungua mdomo.

"Na ku kilio, mutu akikufa? Atakula?"

Daktari akainua macho kwenye simu. "Mama, si kula njo kulimuleta hapa?"

Watu wakacheka tena, kwa nguvu kuliko mara ya kwanza. Mama Kalenga akakaza kitambaa chake kichwani, akatazama sakafu. Hakuuliza tena. Asubuhi iliyofuata Banza alikuja kutoa damu peke yake. Dada yao alituma neno kwamba mkono unamuuma.

Mkurugenzi akaniita. Daktari alikuwa amebakiza siku chache. "Nenda umutulize yule mama," akaniambia. Nikapanda pikipiki mpaka kwake Musonoi, nina hasira na daktari, na mkurugenzi, na wale waliocheka.

Mama Kalenga alinipokea vizuri. Hakutaja mkono. Aliingia ndani, akatoka na bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo, akaniwekea mbele yangu, akakaa kwenye kigoda, macho kwenye vidole vyangu. Hakutazama uso wangu hata kidogo. Nilinawa, nikakata tonge, nikala. Nilikula mpaka sahani ikabaki tupu. Ndipo akazungumza.

"Mutoto ya Banza alikufa, Tata. Inafika miaka mingi. Siku mbili mbele ya kufa alikuwa amekula hapa kwangu. Ku chumba ya maombi mutu akasema ni mi. Mu familia hakuna mwenye aliniambia mu macho, hapana. Baliacha tu kukula. Banakuja, banasalimia muzuri, mi naweka bukari, banasema bameshiba. Na batoto yabo bameshiba. Na ku kilio, mi nikipika, chungu inabakia yote."

"Ikaisha namna gani?"

"Numbi. Alikuja siku Banza iko hapa, akaikaa pale penye umeikaa, akakula sahani muzima. Akaomba ingine. Akakula mpaka akafungua mukanda ya kikwembe. Kisha akamwambia Banza, na wee, unangoja nini? Kuanzia pale banakulaka kwangu. Ni ule mwili yake njo ulinisafisha jina." Akasukuma sahani pembeni. "Sasa munamukata tumbo. Atakuja hapa, nitaweka chakula, ataonja kidogo, atasema ameshiba. Banza ataangalia. Batu bote bataangalia. Mi nitafanya nini, nitabaonyesha tumbo ya nguruwe?"

Nilimwambia sina jibu, na kwamba nitarudi nalo. Hilo nalo lifanyeni, ninyi mlio na majibu yote kwenye karatasi.

Nilirudi kwa Mama Numbi nikamweleza, nikiwa nimefunga mlango. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Basi chakula yangu ya kwanza kisha kukatwa itoke ku chungu ya yaya Kalenga. Banza aone na macho yake. Kama tumbo yangu mupya inaanza na mukono ya Kalenga, nani atasema nini kisha?"

Nikamfuata daktari. Alisikiliza, safari hii simu ikiwa mfukoni. Nadhani aliona aibu kidogo. Akasema siku moja baada ya upasuaji mgonjwa anaruhusiwa mchuzi mwepesi kwa kijiko. Mchuzi wa kuku uliochujwa kwa kitambaa, bila mafuta, bila pilipili, hajali umepikiwa wapi. "Nitawaambia wauguzi na mkurugenzi," akasema. Nikarudi Musonoi na jibu: ndiyo. Mama Kalenga alitoa damu jioni hiyohiyo, na upasuaji ukaenda vizuri.

Siku ya mchuzi, mkurugenzi alinituma Fungurume kuongea na familia nyingine. Niliporudi jua lilikuwa limeshavuka utosi. Nje ya lango nilimkuta Mama Kalenga amesimama karibu na muuza maandazi, chungu chake kikiwa juu ya mbabula, jiko la makaa la yule mwanamke. Alikuwa ameshakipasha moto zaidi ya mara moja. Banza alikuwa ameegemea ukuta, mbali naye kidogo. Umbali huo niliuona kabla sijaona chungu.

"Mama, juu ya nini muko inje?"

"Banasema chakula ya inje haiingie."

"Ni sheria, Tata," mlinzi akasema. "Mi sikuambiwa kintu."

Banza hakunitazama. "Nesi alitoka. Alisema Numbi anakataa kukula tangu asubuhi." Akamtazama dada yake, na mama yule akainamisha uso kwenye mvuke wa chungu.

Niliingia nikikimbia. Mama Numbi alikuwa amelalia mto, midomo imekauka. Maji alikuwa amekubali kunywa, lakini kila muuguzi aliposogeza kikombe cha mchuzi wa kliniki aligeuza uso na kusema "bado". Muuguzi wa zamu ya asubuhi alikuwa mgeni kwa habari hii. Yule daktari kijana alikuwa ameanza kuogopa kwamba mshono wa tumbo unavuja, amemwita mpasuaji, na walikuwa wanaandaa kumpeleka kupigwa picha, labda kumfungua upya. Nilimwuliza muuguzi kama alimwuliza mgonjwa kwa nini. Alisema mgonjwa amechanganyikiwa kwa dawa.

Hakuchanganyikiwa. Angesema sababu mbele ya wale watu, angekuwa amefichua kwa wageni kwamba dada yake aliitwa mchawi. Kwa hiyo alisema bado, na angeendelea kusema bado mpaka wamkate mara ya pili.

"Yuko ku mulango," nikamwambia. "Yaya yako yuko ku mulango na chungu."

Akafumba macho. Machozi yakatoka pembeni.

Nilimkuta mkurugenzi ofisini. Ninawaandikia maneno yetu kama yalivyokuwa, ili mjue mambo haya huzungumzwa vipi.

"Tata, hapa ni kliniki, hapa si kilio. Leo chungu, kesho batakuja na mbabula mu chumba."

"Familia iliuliza. Tulijibu ndiyo."

"Nani alijibu?"

"Kliniki. Kwa kinywa yangu."

"Mi sikusikia hiyo ndiyo. Munganga hakuniambia."

"Damu ya ule mama ilipita mulango ule ule," nikasema. "Hamukuuliza imepikwa wapi."

Aliniambia nitoke. Nikatoka, lakini si kwa upande aliotaka. Nilikwenda langoni, nikafunika mikono kwa kikwembe cha Mama Kalenga, kitenge alichojitanda, nikainua chungu. Mlinzi alinitazama, akatazama ofisi, akaanza kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Mungu ambariki. Tulipita watatu: mimi, Mama Kalenga, na nyuma yetu Banza, ambaye sikuwa na hakika kama anatufuata au anatuangalia tutafika wapi.

Sikilizeni hapa, maana ni kwa ajili ya hili nimekalia kiti tangu asubuhi. Mkijibu familia ndiyo, msimwachie daktari aibebe. Ibebeni wenyewe mpaka kwa muuguzi wa asubuhi na wa usiku, kwa mpishi, kwa mlinzi wa lango, kwa anayefagia. Ile ndiyo iliyobaki kwenye chumba cha mazungumzo ni uongo, hata kama aliyeisema alikuwa na moyo mweupe. Mimi sikukasirikia sheria ya chakula. Ina maana yake. Nilikasirikia kwamba swali la mama yule lilichekwa lilipoulizwa, likasahauliwa lilipojibiwa, halafu yeye ndiye aliyesimamishwa juani mbele ya muuza maandazi, akitazamwa na ndugu yake kwa macho yaleyale ya zamani. Hilo halina dawa kwenye karatasi yoyote.

Daktari mpasuaji alikuwa ameshafika kitandani. Aliona chungu, akaniona mimi, akaelewa kilichotokea, na uso wake ukabadilika. Hakuomba radhi, madaktari hawajui. Ila alichukua kijiko mwenyewe, akaangalia mchuzi kwenye mwanga wa dirisha kama una mafuta, akaonja, akampa Mama Kalenga kijiko kile na kusogea pembeni.

Mama Kalenga alikaa ukingoni mwa kitanda. Kijiko cha kwanza kikamwagikia kidevuni mwa mgonjwa. Akafuta kwa kidole, akachota tena. Mama Numbi akafungua mdomo. Akameza. Tukasubiri. Akafungua tena. Daktari alihesabu pumzi zake, sisi wengine hatukuwa na pumzi za kuhesabu. Baada ya kijiko cha tatu Mama Numbi aliinua kiganja, akakiweka juu ya mkono wa dada yake.

Mama Kalenga akageuka. Banza alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, kofia ya mgodini mkononi.

"Umeona?"

"Nimeona, yaya."

"Umeona nini? Sema."

"Amekula."

"Na sasa?"

Banza akatazama chungu, akamtazama Numbi, ambaye alikuwa amemkazia macho kutoka kwenye mto. "Ameshiba," akasema.

Mama Kalenga akanyanyuka. Akafuta kijiko kwa kitambaa, akachukua chungu kwa mikono miwili, akamnyooshea.

"Imebakia," akasema. "Wee unapendaka mchuzi."

Banza aliweka kofia yake chini sakafuni. Akapokea chungu, akakiinua, akanywa akiwa amesimama, mchuzi usio na mafuta wala pilipili, na hakukishusha mpaka kitako chake kikaelekea dari, chungu kitupu.